Pete Mbele ya Kwadro

Mume wangu ni fundi umeme, na kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kuionea wivu kazi yake. Majirani zangu wana waume wafanyabiashara, wanaovuka Ruvuma kwenda Mtwara na kukaa huko wanavyotaka, na kila mmoja wao ana hofu zake. Mimi nilikuwa najisifu kimoyomoyo. Wangu yupo hapa hapa Mosimboa, ndani ya kiwanda cha barafu karibu na bandari, na mimi mwenyewe nipo dirishani nauza barafu kwa wachuuzi wa samaki. Tukitenganishwa, tunatenganishwa na ukuta mmoja.

Nyuma ya ukuta huo ndiko iliko kwadro, lile kabati la chuma la kuongozea mashine zote za barafu. Tuliporudi kutoka Pemba, ile ya huku kwetu Msumbiji, tulikokimbilia wakati wa vita, tuliikuta haina kitu. Nyaya zilikuwa zimeng'olewa, mlango umepinda, ndani wamejaa mijusi. Mume wangu aliijenga upya kidogo kidogo, kwa vifaa alivyoviagizia Mtwara na vingine alivyovipata Pemba. Hakuchora chochote. Ukimwuliza waya fulani unakwenda wapi, anaugusa kwa kidole, anafumba jicho moja, anakwambia. Nilimpenda sana akiwa hivyo, ingawa sikuelewa hata neno moja.

Halafu akaletwa msichana.

Alitoka Mueda, wa nyumba ya Kikristo, amemaliza shule ya ufundi Pemba, na mwenye kiwanda alimpokea kama istajiaria, mwanafunzi wa kujifunza kazi chini ya fundi. Siku ya kwanza alikuja dirishani kwangu kunisalimu. Alivaa suruali ya kazi na viatu vikubwa vyeusi, kichwani amefunga kitambaa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitikia. Sikuwa mzee wa kumzaa. Niliangalia mgongo wake akienda kule nyuma, nikajua kwamba sijapenda.

Jioni ile mume wangu alianza kumzungumzia kabla hajavua viatu. Alisema yule mtoto anafuata waya kwa macho toka juu mpaka chini bila kupotea. Kesho yake alisema amebandika namba kwenye kila waya, sasa hata mgeni anaweza kuisoma kwadro. Kesho kutwa yake alisema ana mkono mtulivu. Mimi nilikuwa napakua wali. Mkono mtulivu! Nimeshona nguo zake, nimemkanda mgongo, nimebeba watoto wake barabara yote ya kukimbilia kusini, na sijawahi kusikia habari za mkono wangu.

Nikamwuliza hiyo kontaktori anayoitaja kila dakika ni kitu gani.

"Ni kifaa tu," akasema. "Ngumu kukueleza, hutaelewa."

Kwa yule msichana haikuwa ngumu. Kupitia ukutani niliwasikia mchana kutwa, sauti ya mume wangu, ile ya upole ambayo nyumbani huitumia kwa watoto wakiwa na homa tu, akieleza, akirudia, akisubiri ajibiwe. Wachuuzi walikuwa wananiita mara mbili ndiyo nawasikia.

Kisha likaja suala la chakula. Mume wangu aliniomba niongeze kidogo kwenye bakuli lake la mchana, kwa sababu yule msichana amepanga chumba peke yake na anashinda kwa muhogo wa kuchemsha. Niliongeza. Asubuhi nilikuwa nasimama jikoni natwanga majani ya muhogo kwa ajili ya matapa, natia nazi, na kila pigo la mchi nilijua nusu yake inakwenda wapi. Bakuli lilirudi limeoshwa, linang'aa. Mume wangu hajawahi kuosha bakuli tangu tuoane. Hata usafi ule uliniudhi.

Yote hayo ningeyameza. Lakini siku moja aliporudi, kidole chake kilikuwa kitupu.

Pete yake ni ya fedha. Nilimnunulia mwenyewe Mtwara kwa ndugu wa babu yangu, anayefua fedha, mwaka tulioozeshwa. Hakuwahi kuivua, hata akitia udhu alikuwa anaizungusha tu maji yapite chini yake. Niliona alama nyeupe ilipokuwa, kama kovu.

Niliuliza pete iko wapi. Akasema kazini hairuhusiwi. Nikauliza tangu lini, maana ameingia kwenye kwadro ile na pete hiyo hiyo miaka nenda miaka rudi. Akakohoa, akasema ni utaratibu. Utaratibu wa nani? Hapo akasema yule mtoto ndiye aliyemwambia, na maneno yake ni ya kweli.

Alipoingia kuoga nilipekua shati lake. Pete ilikuwa mfukoni, imezungushiwa utepe mweusi wa kufungia nyaya. Niliishika kiganjani, nikaketi kitandani. Mwanamke mwingine amemwambia mume wangu avue pete yangu, naye amevua. Nikaona aibu mpaka masikioni. Niliirudisha mfukoni nilipoikuta, lakini tangu siku hiyo nilikuwa nafunga dirisha la barafu kwa visingizio na kwenda kule nyuma. Mara natafuta ufagio, mara nataka kumwuliza mume wangu jambo la nyumbani. Kila nilipotokea niliwakuta wamesimama mbele ya kwadro, naye msichana shingoni hana kitu, ingawa kanisani, nilikuwa nimeshapeleleza kwa wachuuzi, alikuwa anavaa mkufu wenye msalaba. Niliona tu kwamba hana. Sikujiuliza kwa nini.

Siku lilipotokea jambo nitakalolieleza, samaki walikuwa wengi. Mitumbwi ilikuwa imeingia tangu asubuhi, wachuuzi wamejaa dirishani kwangu na ndoo zao, wanagombania nafasi, na ndipo mashine ikanguruma kwa sauti mbaya, ikazima. Barafu iliyokuwepo isingetosha nusu ya watu wale. Mwenye kiwanda alitoka ofisini kwake anapiga simu huku anatembea. Nami nikaona hii ndiyo nafasi yangu, nikaenda nyuma.

Mume wangu alikuwa ameshafungua mlango wa kwadro. Alitoka nje kwenye kibanda cha jenereta, ambako kuna swichi kubwa ya kugeuzia, ile yenye mahali patatu: upande mmoja umeme wa mjini, upande wa pili jenereta, na katikati sifuri. Aliigeuza kwenye sifuri, akarudi haraka akitoa bisibisi.

"Mestri, tuweke kufuli kwanza," akasema msichana; mestri ndivyo alivyomwita fundi wake.

Mume wangu alimjibu bila kugeuka kwamba hakuna muda wa makufuli, watu wanasubiri, na swichi ameizima kwa mkono wake mwenyewe. Msichana akasema basi apime kwanza, akamnyooshea mita. Akaambiwa aishike vizuri taa ya kumulikia, hiyo mita baadaye. Moyo wangu ulifurahi. Nilisimama karibu na mlango na ufagio wangu, nikifurahi kumwona amekaripiwa. Msichana hakubishana. Aliweka taa juu ya kiti ikimulika ndani ya kwadro, akatoka nje. Nikadhani ameona haya. Baada ya kitambo kifupi akarudi, akasimama mahali pake. Mume wangu alikuwa ameingiza mikono yote miwili ndani, analegeza skrubu za ile kontaktori, uso karibu kabisa na nyaya.

Nje jenereta ikaunguruma.

Mimi niliisikia na nikaona ni jambo jema, umeme unarudi. Ndivyo nilivyofikiri, namwambia Mungu ukweli. Lakini mume wangu alijitupa nyuma hata bisibisi ikaruka, akajigonga ukutani, akabaki amebana mikono kwapani kama mtu aliyeungua. Msichana hakusogea. Alifungua kiganja chake, ndani mlikuwa na ufunguo mdogo.

Akaingia mlinzi, mzee mmoja mwema wa Mbau, ambaye muda wote huo alikuwa getini anakunywa chai. Alikuwa amekasirika. Akasema amesikia mashine kimya, akajua umeme umekatika, akaenda kuwasha jenereta kama siku zote, na sasa swichi haigeuki, kuna mtu ameitia kufuli.

"Ni mimi, baba," akasema msichana. "Mestri alikuwa ndani."

Mlinzi alimtazama mume wangu, akatazama mlango wa kwadro ulio wazi, akakaa chini palepale sakafuni. Kwa mbali niliwasikia wachuuzi wananiita dirishani.

Nilichelewa kuelewa. Nilielewa pale tu nilipoutazama tena ule ufunguo kiganjani mwa msichana. Lile kufuli lisingekuwepo, yule mzee angegeuza ile swichi kwa nia njema kabisa, na umeme wa jenereta ungeingia kwenye vyuma ambavyo mume wangu alikuwa amevishika. Mimi ningekuwa nimesimama pale na ufagio, nafurahi.

Ningependa kuandika kwamba wivu wangu ulikwisha saa ile na nikamkumbatia yule binti. Haikuwa hivyo. Ulizidi. Awali nilikuwa naogopa kwamba anamtaka mume wangu, na hilo lilikuwa jepesi, kwa sababu hakulifanyia chochote na ndani yangu nilikuwa najua. Sasa nilikuwa na jambo zito zaidi. Mume wangu alikuwa anakufa mbele yangu, na aliyeona ni mwingine. Mimi mke, niliyelala naye na kuamka naye, macho yangu yalikuwa mazima na sikuona. Nilimwonea wivu kwa macho yake.

Jioni mume wangu hakula. Alikaa barazani anatazama mikono yake. Nikamwambia amshukuru yule msichana. Akasema ameshamshukuru. Nikatamani kujua kwa maneno gani, nikajizuia.

Siku ya tatu au ya nne nilimfuata mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana, mume wangu akiwa ameenda kusali. Safari hii bakuli nililibeba mimi. Nikaliweka mbele yake, nikamwambia, "Nifundishe hii kwadro."

Nadhani alikuwa anajua mengi kuliko nilivyodhani, maana chumba kile hakikuwa na siri na uso wangu haujui kuficha. Akanawa, akala kwanza matonge machache kwa heshima, akasema, "Tutaanza na mlango ukiwa umefungwa, mama."

Tulianza na vitufe vya mlangoni. Nilijua kijani cha kuwashia. Nilijua pia kile chekundu kikubwa kama uyoga, ambacho kila mfanyakazi ameelekezwa akibonyeze pakiwa na hatari. Nikamwuliza nikibonyeza hiki umeme wote umekufa? Akasema hapana. Mashine imesimama tu, umeme bado umo ndani, unasubiri. Watu wengi wameumia kwa kudhani kimya cha mashine ni usalama. Nikamkumbuka mume wangu na kimya cha siku ile, nikasogea nyuma bila kutaka.

Siku zilizofuata alinielekeza vilivyomo ndani, mlango wazi, lakini swichi ya nje imetiwa kufuli na ufunguo nimeushika mimi. Disjuntori ni zile swichi ndogo za safu ya juu, zinazojikata zenyewe umeme ukizidi au nyaya zikigusana. Ikijikata, usiirudishe tu na kuirudisha tena, tafuta kwanza imekataa nini. Kontaktori, ile niliyoambiwa sitaielewa, ina koili ndani yake, waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Ukibonyeza kijani, koili inapata umeme kidogo, inageuka sumaku, inavuta vyuma vinagusana, na hapo umeme mkubwa unapita kwenda kwenye mashine. Ukibonyeza chekundu, inaachia. Nilielewa mara moja. Nilikaribia kulia kwa hasira, jinsi lilivyokuwa jambo jepesi. Chini ya kontaktori kuna kifaa cha joto, kinachohisi mota ikielemewa na kuisimamisha isiungue.

Alinionyesha pia nyaya zinazoingia kutoka nje, pale juu kabisa. Akasema hata ukizima swichi kuu ya humu ndani ya kwadro, hizi zinabaki hai mpaka zikatwe huko zinakotoka. Ndiyo maana swichi ya nje inazimwa, inatiwa kufuli, kila anayetia mikono anatia kufuli lake na kubaki na ufunguo wake mwenyewe. Halafu mita: unaipima kwanza mahali unapojua pana umeme uone kama inafanya kazi, unapima pale unapotaka kugusa, kisha unarudi tena pale pa kwanza, uhakikishe mita haikufa katikati. Ndipo unagusa.

Alipotaka nisogee karibu niione skrubu moja, akaniambia, "Vua bangili, mama. Na pete."

Nilirudisha mkono wangu nyuma. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia kwa sauti ambayo si yangu, "Umemvua mume wangu, sasa unanivua na mimi?"

Hakukasirika, na hakucheka. Alikwenda kwenye mkoba wake uliokuwa umetundikwa msumarini, akatoa mkufu wenye msalaba mdogo, akauweka mezani mbele yangu. Akasema ni wa marehemu mama yake. Huvua kila asubuhi akiingia kazini na huvaa kila jioni akitoka. Kule shuleni mwalimu wao aliwaonyesha kidole chake mwenyewe: pete yake iligusa vyuma viwili kwa pamoja, ikawaka nyekundu kidoleni, na kabla hajaweza kuivua ilikuwa imeshakula nyama. Akasema alipomwambia mestri, mestri alikataa. Alisema amepewa na mke wake na haitoki. Walibishana juma zima.

Nikamwuliza, "Juma zima?"

"Ndiyo, mama. Mpaka nikamwambia, afadhali mkeo akukasirikie ukiwa na vidole vyote."

Nilivua bangili moja baada ya nyingine. Pete yangu ilikuwa imebana, ikabidi nitumie sabuni. Nikaitazama ile skrubu niliyotakiwa kuiona. Sikumwomba radhi siku hiyo, wala yeye hakuonekana kuisubiri. Nilichofanya ni kwamba kesho yake nilimwekea bakuli lake mwenyewe, la pweza wa nazi, si sehemu ya mume wangu.

Aliondoka msimu wa mvua ulipoisha. Alipata kazi upande wa Palma, karibu na ghuba ya Tungue, kwenye jengo lenye kwadro kubwa kuliko chumba changu. Tulimsindikiza mpaka kwenye gari. Nilitegemea nitapumua. Badala yake nyumba ikawa na ukimya wa aina mpya, mume wangu anakula huku anawaza, na mimi najua anachowaza, nikawa namwonea wivu mtu asiyekuwepo, jambo ambalo ni gumu zaidi, maana aliyeondoka hakosei tena.

Mwenye kiwanda alipouliza nani atamsaidia fundi, mume wangu akasema ataendelea peke yake. Nilikuwa mlangoni. Nikasema nitamsaidia mimi, na dirishani awekwe mtu mwingine. Mwenye kiwanda akacheka kidogo. Mume wangu hakucheka. Aliniuliza pale pale, mbele ya watu, kama nikiona mashine imesimama na kitufe chekundu kimebonyezwa, kuna umeme au hakuna. Nikamjibu. Akaniuliza habari za mita. Nikamjibu hizo pia, pamoja na ile ya kurudi kupima mara ya pili, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuiruka. Nyumbani aliniuliza nani alinifundisha, ingawa alikuwa anajua.

Sasa ninafanya kazi naye. Nina kufuli langu, nimelifunga utepe wa kapulana, kitenge changu cha zamani, ili lisichanganyike na lake. Ananieleza mambo, si kwa ile sauti ya homa, lakini ananieleza. Mara nyingine namwudhi. Juzi juzi alikuwa na haraka, nikakataa kumpa bisibisi mpaka apime, akaniambia sina tofauti na yule mwanafunzi wake. Nilishinda siku nzima sijui kama nimetukanwa au nimesifiwa.

Huyo mwanafunzi hunipigia simu Ijumaa, akiwa na nafasi. Ananiita dada siku hizi. Ananisimulia vifaa ambavyo sijaviona, na mume wangu hukaa karibu, anajifanya anatengeneza redio, anasikiliza. Nikikata simu anauliza amesemaje. Mara nyingi namwambia. Mara nyingine namwambia ni ngumu kumweleza.

Wiki iliyopita nilimwuliza mume wangu jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Tulikuwa tunafunga mlango wa kwadro baada ya kubadilisha disjuntori iliyochoka, mashine zimeanza kunguruma vizuri. Nikamwuliza nani ana mkono mtulivu zaidi, mimi au yule msichana.

Mwanaume mwenye akili angejibu haraka. Mume wangu aliegemea ukuta, akafikiri, na kule kufikiri kwake kuliniuma kuliko jibu lolote.

"Yeye," akasema. "Amesomea. Wewe bado unakaza skrubu kwa hasira."

Sikumsemesha mpaka tulipofika nyumbani. Nilipika, nikapakua, nikampa sahani yake. Alipomaliza kula akainuka, akachukua sahani yake na yangu, akaenda nazo kwenye karai, akaanza kuosha. Sikumwuliza amejifunza wapi. Nilikaa kizingitini, nikatazama maji yanavyommwagikia miguuni, nikawaza kwamba kesho tunatakiwa kukaza skrubu zote za safu ya chini, na kwamba nitazikaza polepole.